Karani wa Antwerp na Siri za Bula Matari

Habari za mpira wa wakati wa Mfalme Leopold wa Pili mmezisikia. Hata sisi wa upande wa mashariki, ambao wazee wetu walisimulia zaidi habari za Waarabu wa Nyangwe na Kasongo, twajua kwamba kule Equateur na kando ya ziwa Mai-Ndombe watu walitozwa utomvu wa mpira kwa bunduki na kwa fimbo ya ngozi ya kiboko, na kwamba mikono ya watu ilikatwa. Vitabu vimeandikwa, picha zimechapwa. Lakini swali moja huulizwa mara chache: habari hizo zilijulikanaje? Kwa maana serikali ya wakati ule haikuzitangaza. Ilizificha kwa bidii, kwa fedha na kwa werevu, na kwa miaka mingi ilifaulu.

Anayesoma leo kwamba jambo fulani limejulikana, mara nyingi hafikiri ni nani aliyelitoa, kwa njia gani, na kwa gharama gani. Sisi tumependa kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua, na tumekuta kwamba sehemu yake kubwa ilianzia mahali pasipotazamiwa: mezani pa karani wa meli.

Nchi iliyofungwa mlango

Tukumbuke kwanza nchi ilivyokuwa. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold alitambuliwa kuwa mwenye Dola Huru la Kongo. Halikuwa koloni la Ubelgiji. Lilikuwa kama mali ya mtu mmoja, ambaye hakuikanyaga nchi hiyo hata siku moja. Wabunge wa Brussels hawakuwa na haki ya kumdai hesabu, na Wakongo wenyewe hakuna aliyefikiri kuwauliza neno. Mataifa yaliahidiwa kwamba biashara itakuwa huru kwa wote, na kwamba wenyeji watalindwa.

Serikali hiyo ilikuwa na gazeti lake la sheria, lililochapwa Brussels ili kila mtu ajue yaliyoamriwa. Vema. Lakini tarehe 21 Septemba 1891 mfalme alitia sahihi amri ambayo haikuonekana katika gazeti hilo. Iliwaagiza maofisa wake waitwalie serikali mazao ya nchi, kwanza pembe za ndovu na mpira. Tangu hapo mtu wa kijiji aliyezoea kumwuzia mfanya biashara pembe yake alihesabiwa kuwa mwizi, na mnunuzi alihesabiwa kuwa mpokeaji wa mali ya wizi. Yule wa kijiji angejuaje? Sheria yenyewe ilikuwa siri. Mwaka 1896 amri nyingine ilitenga eneo kubwa, kupita Ubelgiji mara nyingi, liwe shamba la mfalme. Miaka ilipita kabla dunia haijaambiwa kwamba shamba hilo lipo.

Njia nazo zilikuwa mikononi mwa serikali. Vyombo vingi vya mtoni vilikuwa vyake, au vya makampuni yaliyogawana naye faida. Aliyetaka kwenda bara aliomba nafasi. Barua zilipita katika posta yake. Hakimu alilipwa nayo. Basi aliyeona mabaya huko Lulonga au Maringa, alikuwa na nani wa kumwambia?

Mmoja alisema mapema. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, askari wa zamani na mwandishi wa historia, alipanda mto hadi Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo, na mwezi wa Julai 1890 aliandika barua ya wazi kwa mfalme. Alitaja mikataba ya ulaghai, ukatili wa askari, na watu waliofanywa watumwa na serikali iliyojisifu kuufuta utumwa. Magazeti yaliizungumzia. Watu wa mfalme wakalichafua jina lake, na mwaka uliofuata Williams alikufa Uingereza, hajatimiza miaka 42. Neno likazimika. Alikuwa na ushahidi wa macho yake, lakini alikuwa peke yake, na hakuwa na hesabu za kuwabana wakubwa. Tulishike jambo hilo la hesabu.

Yaliyopakiwa na yaliyopakuliwa

Edmund Dene Morel alizaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa, mama Mwingereza. Baba alikufa mtoto angali mdogo. Kijana alipata ukarani huko Liverpool katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, iliyokuwa na mkataba wa kuchukua mizigo kati ya Antwerp na Boma. Kwa kuwa alijua Kifaransa, wakubwa wake walimtuma mara kwa mara Ubelgiji kusimamia mambo ya kampuni. Hakuwa mtu wa fitina. Mwanzoni hata aliandika katika magazeti akiitetea serikali ya Kongo juu ya wale walioisingizia, kama alivyodhani.

Basi huyo karani alisimama gatini Antwerp, tena na tena, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Meli zikitoka Kongo zilijaa mpira na pembe mpaka juu. Mpira uliotoka Kongo mwaka 1890 ulikuwa kama tani 100. Mwaka 1901 ulifika kama tani 6.000. Hayo yalijulikana na watu wote, na wengi walimsifu mfalme kwa baraka hizo. Lakini Morel alitazama pia meli zikirudi. Zilibeba nini? Bunduki, risasi na vifaa vya askari kwa wingi, vikipelekwa kwa serikali yenyewe na kwa makampuni. Nguo, chumvi, majembe, masufuria, vitu ambavyo mwenyeji angalipwa kwavyo, vilikuwa haba kabisa.

Mtu ye yote aliyepata kuuza dukani aweza kuipiga hesabu hiyo. Ukiona gunia mia za mahindi zinatoka kijijini kila juma, na hakuna kitu kinachoingia ila baruti, huhitaji kwenda kijijini kujua kwamba mahindi hayakununuliwa. Je, labda walilipwa kwa fedha? Hapana; serikali haikuruhusu wenyeji watumie fedha. Basi walilipwa kwa nini? Morel alifikiri sana juu ya neno hilo, na jibu lilikuwa moja tu: watu hawakulipwa. Walilazimishwa, na bunduki zile ndizo zilizowalazimisha.

Aliona jambo jingine pia. Hesabu ya pembe na mpira katika madaftari ya kampuni yake haikupatana na hesabu iliyochapwa na serikali ya Kongo. Meli zilileta zaidi kuliko serikali ilivyokiri. Ile ziada iliingia katika mfuko wa nani?

Tutazame vizuri alivyofanya, kwa sababu ndilo jambo kubwa katika habari hii. Hakuvunja kabati la mtu, hakununua karatasi za wizi. Zile karatasi zilipita mezani pake kila siku katika kazi yake. Hesabu za serikali zilikuwa zimechapwa na serikali yenyewe. Makarani wengine waliziona vile vile. Siri ilikuwa wazi mbele yao, imegawanyika tu katika madaftari mawili, na hakuna aliyeyaweka pamoja juu ya meza moja. Serikali yaweza kuifunga midomo ya mashahidi, lakini ikitaka faida haina budi kuuza mali yake, na mali iuzwayo huandikwa mahali.

Morel alikwenda kwa mkubwa wake, Sir Alfred Jones. Huyo bwana alikuwa mkuu wa kampuni ya meli, tena konsuli wa serikali ya Kongo huko Liverpool, hakufurahi. Kwa maneno ya Morel mwenyewe, aliahidiwa cheo katika nchi nyingine, kisha malipo mazuri kwa kazi ndogo, mradi anyamaze. Mwaka 1901 aliacha kazi, akiwa na mke na watoto, akaanza kuishi kwa kalamu. Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake, West African Mail. Fedha za kuanzia alipewa na wafanya biashara wa Liverpool, ambao walikuwa na hasira yao, kwa sababu Leopold aliwafungia soko. Twalisema hilo waziwazi, maana si kila aliyemsaidia Morel alikuwa akiwalilia Wakongo. Naye mwenyewe aliusifu utawala wa Waingereza katika Afrika kupita kiasi, na mwaka 1920 aliandika maneno mabaya na ya aibu juu ya askari weusi wa Ufaransa katika Ujerumani. Alijua kusoma hesabu. Hiyo haikumfanya mtakatifu.

Majina yaliyofutwa

Gazeti lilipojulikana, barua zilianza kufika. Wamisionari wa Kiprotestanti, Waingereza, Waswidi na Wamarekani, walikuwa wameona mengi, na wengine walikwisha kulia bila kusikiwa. Mwaka 1899 huko Kasai, William Sheppard, Mmarekani mweusi, alionyeshwa kambini mwa wapiganaji waliotumwa na serikali mikono ya kuume ikikaushwa juu ya moto. Akaihesabu: 81. Baringa, mwezi wa Mei 1904, bwana mmoja aitwaye Nsala wa kijiji cha Wala aliketi barazani pa misioni, mbele yake mkono na mguu wa binti yake wa miaka mitano, vitu pekee vilivyosalia kwake. Mke wa mmisionari, Alice Harris, alimpiga picha. Wengi wa wasomaji wetu wameiona. Mabwana wa Brussels walizoea kusema kwamba masimulizi ni uzushi. Picha iliwapa taabu zaidi.

Mei 1903 Bunge la Uingereza lilizungumza habari za Kongo, na serikali ya London ikamwagiza konsuli wake, Roger Casement, aende kutazama. Casement alikuwa ameishi Kongo miaka mingi. Alijua kwamba akipanda chombo cha serikali ataona tu yale anayoonyeshwa, na wenyeji hawatamwambia kitu. Akakodi meli ndogo ya misioni ya Wamarekani, akaenda kwa nafasi yake, akishuka alipotaka. Alikuta vijiji alivyovikumbuka na watu wengi sasa vimebaki na wachache. Aliandika maneno ya mashahidi pamoja na majina yao, majina ya vijiji na ya maofisa.

Ripoti ilitoka mapema mwaka 1904, na hapo tunakuta siri nyingine, safari hii ya Waingereza. Wakubwa wa London walifuta majina yote wakaweka herufi: fulani wa N. N., kijiji cha X. Casement alikasirika sana. Alisema kwa haki kwamba shahidi asiye na jina hupoteza nusu ya nguvu zake. Waliofuta walisema wanawalinda watu. Labda ni kweli kidogo; lakini aliyelindwa zaidi alikuwa ofisa aliyeua, na Mkongo aliyethubutu kunena akawa herufi.

Tusipite kisa cha Epondo. Kijana huyo alimwambia Casement kwamba askari wa kampuni ya mpira alimkata mkono. Baadaye, mbele ya watu wa serikali, alisema hapana, ni nguruwe wa porini aliyemwuma. Magazeti ya mfalme yalishangilia: kumbe yote ni uongo! Kisa kimoja chenye shaka kilitumiwa kufunika mamia. Waandishi wanaofukua siri wanalijua jambo hilo hata leo: adui hajibu ushahidi wote, hutafuta jiwe moja lililolegea ukutani.

Bwana Shanu wa Boma

Sasa tufike kwa mtu ambaye vitabu vingi vilimpita kwa haraka. Hezekiah Andrew Shanu alizaliwa mwaka 1858 upande wa Lagos, akaja Boma mwaka 1884 kuitumikia serikali kama karani. Baadaye aliacha kazi akawa mfanya biashara. Alikuwa na duka, alijua kupiga picha, alifika Ubelgiji akapokewa kwa heshima. Askari walipoasi Boma mwaka 1900, yeye alisimama upande wa serikali ikamsifu na kumshukuru. Kwa kifupi, alikuwa Mwafrika wa namna ile ambayo wakubwa hupenda kuionyesha kwa wageni.

Mwaka 1903 Casement alimwuliza habari za watu wa Afrika ya Magharibi waliofanya kazi Kongo na mateso waliyoyapata. Shanu akajibu. Kisha alianza kumwandikia Morel, akimpelekea karatasi kutoka Boma kwenyewe, makao makuu ya serikali. Kubwa kuliko zote zilikuwa karatasi za kesi ya Caudron, mwajiriwa wa kampuni moja ya Mongala, aliyehukumiwa mwaka 1904 kwa kuua watu wengi. Mbona karatasi hizo zilikuwa na thamani? Kwa sababu mahakama ya rufani ilimpunguzia adhabu ikisema kwamba wakubwa wa serikali walijua na kuvumilia matendo ya namna ile. Hapo haikuwa tena Mprotestanti anayelalamika wala Mwingereza mwenye wivu. Hakimu wa Leopold mwenyewe ndiye aliyekiri.

Serikali ilitafuta tundu lililovuja, ikalipata. Haikumfunga Shanu, alikuwa raia wa Kiingereza, na kesi ingeleta kelele. Ilitumia njia ya kimya: waajiriwa wote wa serikali walikatazwa kununua kwake. Katika mji kama Boma, ambako karibu kila mwenye mshahara alilipwa na serikali, hiyo ilikuwa kumziba mtu pumzi. Biashara yake ikaanguka. Jina lake, alilolijenga kwa miaka 20, likawa jina la msaliti. Mwaka 1905 alijiua.

Tumesoma habari hii mara kadhaa, na kila mara inatukaa moyoni. Morel alisifiwa katika mikutano mikubwa ya Uingereza. Casement alipewa cheo cha heshima mwaka 1911, ingawa mwisho wake, mwaka 1916, ulikuwa kunyongwa na Waingereza hao hao kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Shanu hakupata mkutano. Alikaa karibu na moto, wao walikuwa mbali.

Tumlinganishe na Sheppard. Mwaka 1906 serikali ilitoa amri kwamba atakayemsingizia ofisa wake aweza kutozwa faini au kufungwa hata miaka mitano. Sheppard alipoandika mwaka 1908 jinsi kampuni ya Kasai ilivyowaharibu Wakuba, alishtakiwa, na kesi ikasikilizwa Léopoldville mwaka 1909. Emile Vandervelde, mkubwa wa Wasosialisti wa Ubelgiji, alisafiri toka Ulaya kumtetea bila malipo. Bwana huyo hakuwa mtu wa kanisa, nasi hatuoni haya kumsifu kwa safari hiyo. Sheppard alishinda. Lakini Sheppard alikuwa na misioni nyuma yake, na nyuma ya misioni serikali ya Marekani. Shanu alikuwa na duka.

Kinga za mfalme

Leopold hakukaa kimya. Alianzisha ofisi ya magazeti, akalipa waandishi, akatoa jarida lililoitwa La Vérité sur le Congo, maana yake Ukweli juu ya Kongo, katika lugha tatu, ambalo abiria wa treni za Ulaya walilikuta bure. Amerika alimkodi mwanasheria aliyeitwa Kowalsky ili awashike mkono wakubwa wa Washington. Lakini barua za Kowalsky zilifika katika gazeti la New York American, lililozichapa mwezi wa Desemba 1906, na ile siri ya kununua sauti za watu ikawa fedheha kuliko kama asingenunua.

Alikuwa amekubali pia, kwa kusukumwa, kutuma tume ya mahakimu watatu, Mbelgiji, Mwitaliano na Mswisi. Labda alitumaini watamsafisha. Walifika mwishoni mwa mwaka 1904, na kwa bahati walikuwa watu waliosikiliza. Mamia ya mashahidi walisimama mbele yao. Chifu Lontulu wa Bolima alileta vijiti 110 akaviweka mezani kimoja kimoja: hiki chifu, hiki mwanamume, hiki mwanamke, hiki mtoto, kila kimoja mtu wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Hiyo ndiyo ilikuwa daftari yake.

Ripoti ya tume, iliyotoka Novemba 1905, ilithibitisha mambo makubwa yote. Tena twaona ujanja: kabla haijatoka, magazeti ya Uingereza yalipelekewa muhtasari tayari kwa Kiingereza, kutoka chama kilichojiita cha wamisionari, nayo yakauchapa kwa furaha. Muhtasari ulikuwa wa uongo, na chama hakikuwa na wamisionari ndani yake. Na maneno ya mashahidi wenyewe, vile vijiti vya Lontulu? Hayo hayakuchapwa. Yaliwekwa katika kabati Brussels, mlango ukafungwa.

Tuseme na habari za nyumbani mwetu. Wamisionari Wakatoliki wa wakati ule, wengi wao Wabelgiji, walikawia kunena. Waliona kelele zatoka Uingereza na kwa Waprotestanti, wakadhani ni hila ya kuwanyang'anya nchi. Tena mwezi wa Mei 1906 Roma ilifanya mapatano na Dola la Kongo juu ya mashamba na shule za misioni. Huko Amerika Kardinali Gibbons wa Baltimore alimtetea mfalme. Lakini mwaka huo huo wa 1906 padri Mjezuiti, Arthur Vermeersch, mwalimu wa Louvain, alitoa kitabu juu ya jambo la Kongo. Aliichukua ripoti ya tume, akaisoma kama mwalimu wa sheria na wa maadili, na kuwaambia Wabelgiji Wakatoliki kwamba dhuluma haiwi haki kwa sababu aliyeifichua ni Mprotestanti. Profesa Félicien Cattier wa Brussels naye alichambua fedha za shamba la mfalme akaonyesha mamilioni yaliyopotelea katika majumba na makumbusho. Sauti hizo mbili za Wabelgiji, Mkatoliki na asiye Mkatoliki, zilifanya kazi ambayo Liverpool isingeweza. Huyu hakuweza kuitwa mfanya biashara wa Kiingereza.

Tanuru la Brussels

Mwaka 1908 Ubelgiji uliitwaa Kongo kutoka kwa mfalme wake. Mwezi wa Agosti, kabla mambo hayajakabidhiwa, karatasi za Dola la Kongo zilitiwa tanuruni huko Brussels. Msaidizi mmoja wa mfalme, Gustave Stinglhamber, alisimulia baadaye kwamba moto uliwaka siku nane, na kwamba mfalme alimwambia atawapa Wabelgiji Kongo yake, ila hawana haki ya kujua aliyoyatenda huko. Leopold alikufa mwezi wa Desemba 1909.

Moto huo unatuumiza hata leo. Hakukuwa na hesabu ya watu kabla ya mpira, na karatasi ambazo zingesaidia kuikadiria ziliungua. Kwa hiyo wanahistoria hawapatani juu ya idadi ya waliokufa. Wengi hutaja mamilioni, na hakuna awezaye kuifunga hesabu.

Karatasi za tume hazikuungua, ila zilibaki chini ya kufuli. Katika miaka ya 1970 balozi mmoja wa Ubelgiji katika Afrika ya Magharibi, Jules Marchal, aliyekuwa ofisa katika Kongo kabla ya uhuru, alisoma katika gazeti la Liberia kwamba mamilioni ya Wakongo walikufa wakati wa Leopold. Alikasirika, akataka kuandika jibu la kulitetea taifa lake, akaomba wizara yake impe ushahidi. Hakupewa kitu cha maana. Alipoomba kuyaona maneno ya mashahidi wa tume, yeye balozi alikataliwa, kwa kanuni kwamba karatasi zinazoweza kuliharibu jina la Ubelgiji hazionyeshwi. Miaka ilipita kabla hajaruhusiwa. Alipozisoma hatimaye, aliacha wazo la kujibu, akaandika vitabu vya historia, kwanza kwa jina la kubuni kwa sababu alikuwa bado mtumishi wa serikali. Milango ya kabati ile ilifunguliwa kwa watafiti katika miaka ya 1980 tu, karibu miaka 80 baada ya Lontulu kuondoka mezani.

Kuna daftari nyingine ambayo hakuna mfalme aliyeweza kuichoma. Mwaka 1953 na 1954 Padri Edmond Boelaert, wa Wamisionari wa Moyo Mtakatifu huko Bamanya karibu na Mbandaka, aliwaita Wamongo waandike, kwa lugha yao ya Lomongo, yale waliyoyasikia kwa wazee juu ya kuja kwa wazungu wa kwanza. Zaidi ya watu mia moja walileta maandiko yao. Ukoloni ulikuwa bado wenye nguvu, na mengi ya maandiko hayo hayakuchapwa mpaka miaka ya 1990, hapo hapo Bamanya. Humo mna majina ya vijiji, majina ya utani waliyopewa maofisa wa mpira, mahali pa kambi, na namna ya kila kifo kama ilivyosimuliwa jioni na baba kwa mwanawe. Aliyetaka kujua kijiji kile ambacho London ilikiita X, angaliweza kuwauliza hao.